Ajali iliyoipeleka sheria ya bahari hadi ofisini

Ubavuni mwa meli ya mizigo kuna duara lililokatwa na mstari. Maji yakiufikia mstari huo, meli imejaa, hata kama gatini bado kuna shehena inayosubiri. Alama hiyo ililetwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupiga kelele miaka kadhaa juu ya meli kuukuu zilizojazwa kupita kiasi na kukatiwa bima nono: baharia akifa, mwenye meli analipwa. Ila sheria hiyo ilikuwa na tundu. Mwenye meli ndiye aliyechagua mahali pa kuuchora mstari, na tundu hilo halikuzibwa hadi mwaka 1890.

Kwa muda mrefu baada ya hapo usalama wa meli ulihesabiwa kwa vifaa. Titanic ilipozama Aprili 1912 ikiwa na watu wapatao 2,200, maboti yake yangeweza kubeba watu 1,178 tu, na bado ilikuwa imetimiza sheria, maana sheria iliangalia tani za meli, si idadi ya abiria. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulitiwa saini London mwaka 1914, ukaandikwa upya mara kadhaa. Ule wa 1974, pamoja na marekebisho yake, ndio unaotumika hadi leo. Maboti, redio, pampu, vizimamoto: vyote vilikaguliwa. Asiyekaguliwa ni yule aliyeketi ofisini akipanga ratiba.

Jioni ya tarehe 6 Machi 1987, feri ya Herald of Free Enterprise ya kampuni ya Townsend Thoresen iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Dover, Uingereza, ikiwa na watu zaidi ya 500. Kwa kawaida feri hiyo ilifanya safari za Dover na Calais, na gati la Zeebrugge halikuifaa. Wakati wa bamvua, maji yakijaa, daraja la kupakilia magari halikuweza kufika deki ya juu. Mabaharia walilazimika kujaza maji kwenye matangi ya farumi ya mbele ili omo iiname. Mafundi walikuwa wameomba pampu kubwa ya kuyatoa maji hayo haraka. Gharama yake, pauni 25,000, ikaonekana ni kubwa mno. Kwa hiyo jioni hiyo feri iliondoka omo ikiwa bado imeinama.

Na milango ya omo ilikuwa wazi. Msaidizi wa serahangi, ambaye kazi ya kuifunga ilikuwa yake, alikuwa usingizini chumbani mwake, na tangazo la kuondoka halikumwamsha. Serahangi alikuwa mtu wa mwisho kutoka deki ya magari. Alifunga mnyororo akaenda zake, kwa kuwa milango haikuwa kazi yake. Ofisa wa kwanza alitakiwa kuhakikisha imefungwa, lakini amri nyingine ya kampuni ilimtaka awe juu, kwenye chumba cha usukani, robo saa kabla ya kuondoka. Hakuna binadamu anayeweza kutii amri mbili za namna hiyo kwa pamoja. Nahodha, kutoka alipo, hakuweza kuiona milango. Kwa utaratibu uliozoeleka, asipoletewa habari mbaya alihesabu kuwa mambo ni shwari.

Mwendo ulipoongezeka, maji yaliingia kwa omo. Deki ya magari ya feri ya aina hiyo ni ukumbi mtupu usio na kuta za kuyazuia, hivyo yakikimbilia upande mmoja huivuta meli nzima. Kwa kama dakika moja na nusu Herald ilikuwa imelala ubavu wa kushoto juu ya fungu la mchanga, karibu na bandari, nusu yake nje ya maji. Walikufa watu 193, wengi wao kwa baridi ya maji.

Jaji Barry Sheen, aliyeongoza uchunguzi, hakuwaacha mabaharia: ofisa wa kwanza alinyang'anywa cheti miaka 2, nahodha mwaka 1. Lakini alipanda ngazi zaidi, akasema kampuni yote, toka juu hadi chini, ilikuwa imeugua uzembe. Manahodha walikuwa wameomba taa ndogo za kuwaonyesha kama milango imefungwa. Ofisini ombi hilo lilijibiwa kwa kejeli. Baada ya maafa, taa hizo zilifungwa kwenye feri nyingine za kampuni katika siku chache tu.

Mahakamani mambo hayakwenda hivyo. Kesi ya kuua bila kukusudia dhidi ya kampuni iliporomoka mwaka 1990, kwa kuwa sheria ilidai apatikane kiongozi mmoja wa juu mwenye hatia yeye binafsi. Uzembe uliogawanywa kwa watu wengi ukawa kinga.

Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipita njia nyingine. Mwaka 1993 lilipitisha kanuni ya usimamizi wa usalama, ISM, na tangu Julai 1, 1998 ikawa lazima kwa meli za abiria, za mafuta na za shehena kichele. Nyingi zilizobaki zilifuata mwaka 2002. Kampuni hukaguliwa kama meli inavyokaguliwa, na kila moja ina hati yake. Kampuni lazima imteue mtu wa nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja hadi kwa wakurugenzi, ambaye baharia anaweza kumpelekea shida yake. Kanuni imezaa makaratasi mengi, na fomu inaweza kujazwa bila mtu kuuangalia mlango. Hata hivyo mkurugenzi hawezi tena kusema hakuambiwa.

ISM inahusu meli zinazovuka mipaka ya nchi. Safari za ndani zimeachiwa sheria za kila taifa. MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018 zilizama zikiwa zimepakia kupita kiasi, na zote tatu zilikuwa katika safari za ndani ya Tanzania.