Wagonjwa wanapokuwa walimu wa tiba: Safari ya wanaoishi na VVU kutoka Kagera hadi Katavi

KWA miaka mingi katika hospitali na zahanati za Afrika Mashariki, daktari alikuwa msemaji na mgonjwa alikuwa msikilizaji. Mgonjwa alieleza panapouma, akaandikiwa dawa, akaondoka na cheti ambacho hakujua kukisoma. UKIMWI ulitikisa desturi hiyo, kwa sababu ulipoingia, waganga wa hospitali hawakuwa na tiba, na wenye ugonjwa walilazimika kufundishana wenyewe namna ya kuishi.

Mafundisho hayo ya wao kwa wao leo yamekuwa sehemu ya huduma rasmi za afya nchini. Katika kliniki za tiba na matunzo, zinazojulikana zaidi kwa jina la CTC, wapo watu wanaoitwa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi ambao huwapokea wagonjwa wapya, huwaeleza matumizi ya dawa na kuwafuatilia waliopotea. Kwa mikoa ya pembezoni kama Katavi, ambako vijiji vimetawanyika na wataalamu ni wachache, kazi yao ina uzito wa pekee.

Chimbuko lake

Wagonjwa watatu wa kwanza nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wananchi wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Mwaka huo huo, huko Denver nchini Marekani, wagonjwa walitoa tamko la kukataa kuitwa wahanga na kudai nafasi katika kila chombo kinachoamua juu ya maisha yao.

Nchini Uganda, Noerine Kaleeba aliyefiwa na mumewe mwaka 1987 aliungana na wenzake kuanzisha shirika la TASO mwaka huo. Tanzania ilifuata mwaka 1989 kwa kuundwa kwa WAMATA jijini Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Theresa Kaijage. Mwaka 1994 ikazaliwa SHDEPHA+, jumuiya ya watu waliojitangaza hadharani kuwa wanaishi na virusi. Baadaye vikundi vya namna hiyo vilikusanyika katika baraza la taifa, NACOPHA, ambalo mtandao wake ngazi ya wilaya huitwa Konga.

Awali kazi ya vikundi hivyo ilikuwa kufarijiana na kuzikana. Hali ilibadilika mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kurefusha maisha. Ghafla mgonjwa alitakiwa kujua majina ya dawa, saa za kumeza, na dalili za hatari.

Hapo ndipo ujuzi wa mgonjwa ulipoanza kukutana uso kwa uso na ule wa daktari. Miongoni mwa dawa za mwanzo ilikuwamo stavudine, ambayo iliokoa maisha ya wengi lakini kwa baadhi yao ilileta ganzi ya miguu na kukondesha mashavu, mikono na mapaja. Waliozitumia waliyaona mabadiliko hayo katika miili yao na kuelezana. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizishauri nchi kuachana nayo hatua kwa hatua.

Wanawake waliokataa kuamuliwa

Mfano ulio wazi zaidi wa wagonjwa kupinga uamuzi wa wataalamu ni ule wa mwaka 2018. Wakati huo dawa mpya ya dolutegravir ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu, kwa kuwa hupunguza virusi kwa haraka na si rahisi kujengewa usugu. Pia haileti kwa kiwango kile kile kizunguzungu na ndoto za kutisha ambazo wengi walizilalamikia katika dawa ya efavirenz.

Mei 2018, utafiti uliokuwa ukifanyika Botswana ulitoa taarifa ya kushtua. Kati ya wanawake 426 waliokuwa wakitumia dolutegravir waliposhika mimba, wanne walizaa watoto wenye kasoro za ubongo au uti wa mgongo, ikiwemo ile inayofahamika kama mgongo wazi. Kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 0.9, wakati kwa kawaida ni takriban asilimia 0.1. Nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo, ziliweka masharti yaliyowaondoa wanawake wenye umri wa kuzaa katika matumizi ya dawa hiyo, au kuwataka kwanza watumie uzazi wa mpango.

Julai mwaka huo, wanawake 39 wanaoishi na virusi kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali, Rwanda. Hawakuikana hatari iliyotajwa. Walichokataa ni kufanywa kana kwamba kila mwanamke ni mjamzito mtarajiwa asiyeweza kupima faida na hasara mwenyewe. Walisema wanaume wanapewa dawa bora huku wao wakibaki na ile yenye madhara zaidi, na wakataka wapewe maelezo kamili pamoja na njia za uzazi wa mpango, kisha waachiwe kuchagua.

Mwaka mmodi baadaye, takwimu za Botswana zilionyesha watoto watano wenye kasoro kati ya wanawake 1,683, sawa na asilimia 0.3. Julai 2019, WHO ilipendekeza dolutegravir kwa watu wazima wote, wanawake wenye umri wa kuzaa wakiwemo. Tafiti zilizofuata ziliondoa kabisa hofu ya awali.

Suala hilo si dogo kwa mkoa kama Katavi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Kanuni inayomnyima dawa mwanamke kwa sababu tu anaweza kuzaa, katika mkoa wa namna hiyo ingewagusa karibu wanawake wote wenye virusi.

Mahakamani

Wagonjwa wamewahi pia kushinda kwa njia ya sheria. Nchini Kenya, Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili walifungua kesi kupinga sheria ya mwaka 2008 ya kudhibiti bidhaa bandia, wakidai kuwa tafsiri yake ingeweza kuzihesabu dawa halali za bei nafuu kuwa bandia. Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa vifungu husika vilihatarisha haki ya walalamikaji ya kuishi na kupata afya.

Tahadhari ya Samunge

Hata hivyo, si kila ujuzi unaopokezanwa na wagonjwa huwa wa kweli. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Habari za waliodai kupona zilisambaa kwa mdomo na kwa simu, na wapo walioacha dawa za kurefusha maisha.

Tofauti ya Samunge na Kigali iko katika kipimo. Wanawake wa Kigali waliusoma utafiti, wakahoji hitimisho lake na kukubali kuhukumiwa na takwimu mpya. Ushuhuda wa kikombe haukuwa na kipimo cha kuuthibitisha wala kuukanusha, isipokuwa afya ya mnywaji mwenyewe.

Katavi na umbali wake

Katavi ulitengwa na Rukwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 1,152,958. Wamo wakulima, wafugaji waliohamia na mifugo yao, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wavuvi wa Karema na Ikola kando ya Ziwa Tanganyika, pamoja na wakazi wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Utafiti wa mwaka 2011/12 uliweka maambukizi ya mkoa kuwa asilimia 5.9, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.1.

Kwa mvuvi au mchimbaji anayehamahama, mshauri mwenye virusi kama yeye hujua mambo yasiyoandikwa katika jalada: nani amesafiri, nani anaficha dawa kwa kumwogopa mwenzi, nani ameambiwa na jirani kuwa amepona. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri za mgonjwa na kukataza unyanyapaa, nayo humfunga mshauri huyo kama inavyomfunga daktari.

Udhaifu wa mpango huo uko kwenye mfuko. Kwa muda mrefu posho za washauri wengi zimetegemea miradi ya wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za ngazi ya jamii zilikuwa miongoni mwa zilizoguswa mapema. Dawa inaweza kuwepo kwenye rafu ya kliniki ya Mpanda, lakini pasipo mtu wa kumfuata aliyekosa siku yake ya miadi huko Mishamo, rafu hiyo haimfai mgonjwa.