Darubini ya Juu na Darubini za Chini

Leo tutazungumza habari ya picha moja ya mbingu iliyopigwa mwaka 1995, na kwa nini haikutosha peke yake.

Mwaka 1990 Wamarekani, wakisaidiana na nchi za Ulaya, walirusha angani darubini iitwayo Hubble. Waliipeleka huko kwa sababu ya hewa. Hewa hutikisa nuru ya nyota, kama maji ya kisima yatikisavyo sura yako unapochungulia. Lakini kioo chake kikubwa kilikuwa kimesuguliwa vibaya. Picha zilitoka na ukungu, na watu wakaifanyia mzaha. Mwezi wa Desemba 1993 wanaanga walipanda wakaitia vifaa vya kusahihisha kosa hilo.

Mkuu wa taasisi iliyosimamia kazi za darubini hiyo, Robert Williams, alikuwa na haki ya kugawa sehemu ya muda wake kama aonavyo yeye. Akaamua kuielekeza mahali palipoonekana kuwa patupu, katika nyota za Dubu Mkubwa. Mahali padogo kama mpira wa tenisi uliowekwa mita 100 mbali nawe. Wataalamu wengine walitia shaka kwamba hapatapatikana mengi, na aibu ya kioo ilikuwa haijasahauliwa. Hata hivyo, tangu tarehe 18 hadi 28 Desemba 1995, zilipigwa picha 342 za mahali hapo. Zilipounganishwa, zilionekana galaksi karibu 3,000. Galaksi ni kundi kubwa mno la nyota, kama hili letu lenye jua.

Lakini picha haisemi umbali. Mvuvi ajua kuwa usiku taa ndogo ya karibu na taa kubwa ya mbali huweza kuonekana sawa. Ilikuwaje basi? Williams hakuificha picha yake. Januari 1996 ilitolewa kwa wataalamu wote, na wenye darubini za ardhini wakaanza kazi.

Katika mlima wa Mauna Kea, Hawaii, iko darubini ya Keck. Kioo chake kina upana wa mita 10, nacho kimeungwa kwa vipande 36. Kile cha Hubble ni mita 2.4 tu. Paa pana hukinga mvua nyingi, na kioo kipana vivyo hivyo hukinga nuru nyingi. Nuru hiyo ilitawanywa rangi rangi kama upinde wa mvua. Kwa kuwa ulimwengu unapanuka, nuru iliyosafiri muda mrefu huvutwa kuelekea upande wa wekundu. Kwa kupima mvuto huo, umbali wa galaksi zaidi ya 100 ulijulikana.

Mwaka 1996 darubini ya mita 4 iliyoko Kitt Peak, Arizona, ilipiga picha mahali pale pale kwa nuru iliyo nje ya wekundu, isiyoonekana kwa macho. Wakati huo Hubble haikuwa na chombo cha kuiona nuru hiyo.

Kisha, mwaka 1998, darubini nyingine ya Mauna Kea, yenye sahani ya mita 15, ilitazama kwa mawimbi yapitayo katika vumbi. Ikaona galaksi iliyong'aa kuliko zote kwa mawimbi hayo, nayo katika picha ya Hubble haikuonekana kabisa! Vumbi lilikuwa limeifunika. Umbali wake ulipimwa mwaka 2012 kwa sahani za redio zilizoko katika milima ya Alps, Ufaransa: nuru yake ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka milioni elfu 12.

Basi, wasikilizaji, aliye juu aliona mbali, lakini hakuona yote. Kazi yake ilikamilika kwa sababu aliwaonyesha wengine alichokipata.

Katika vikundi vyenu jadilianeni: Kwa nini picha peke yake haionyeshi umbali? Na ingekuwaje kama picha ile ingefichwa?