Mtihani wa Uhasibu Ulivyovuka Mto Tana

Jumatano ndiyo siku kubwa ya soko la mifugo la Garissa. Ng'ombe hufika wakiwa wametembea siku nyingi, wengine wakitokea ng'ambo ya mpaka wa Somalia, na kati ya mwenye mifugo na mnunuzi husimama dalali ambaye dhamana yake kubwa ni jina lake. Wasomali wa Pembe ya Afrika wana desturi ya kale ya kupatana bei bila kuitamka: wawili hushikana mikono chini ya shuka, kidole kikabanwa, kingine kikaachiwa, na aliyesimama hatua moja kando asijue kilichosemwa. Bei, ada ya dalali, deni la safari iliyopita, wanyama waliokufa njiani na nani abebe hasara yao, yote hayo hukaa kichwani mpaka siku ya kulipana.

Watu wenye uwezo kama huo wa hesabu walikaa muda mrefu nje ya taaluma ya uhasibu wa vyeti. Hakuna aliyewapima akaona hawafai. Kilichowaweka nje ni sheria, umbali na bajeti, na kila kimoja kina tarehe yake.

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Garissa ilikuwa ndani yake, kuwa eneo lililofungwa. Hakuna aliyeingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu iliyowapa watawala mamlaka ya kuwafunga watu na kuzuia mienendo yao hata malishoni. Kwa Waingereza, eneo hilo lilikuwa kinga ya mpaka dhidi ya Ethiopia na Waitalia, si mahali pa kujenga shule. Shule za serikali zilianza kuchipuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikiwa chache na mbalimbali. Wazazi wengi nao walizitazama kwa mashaka, kwa kuwa duksi, chuo cha Kurani chini ya mti, ilihama na familia na shule ya serikali haikuhama.

Uhuru haukufungua mlango uliotarajiwa. Hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa Nairobi, vita vya shifta, vya kutaka eneo hilo lijitenge na Kenya, vilipoanza. Vita vilikoma baada ya mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, lakini sheria za hatari zilibaki hadi 1991. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka wa Kikao Namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, yaani pale zingezaa haraka. Garissa, Wajir na Mandera hazikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mtu akitaka kuelewa kwa nini mkoa mzima ulichelewa kupata wahasibu, waraka huo ni mahali pazuri pa kuanzia, maana ulikuwa wenyewe uamuzi wa kihasibu: faida ilipimwa, na watu wa kaskazini wakaandikwa upande wa gharama.

Huko Nairobi taaluma yenyewe ilikuwa inazaliwa upya. Kabla ya uhuru, wahasibu wenye vyeti nchini Kenya walikuwa karibu wote Wazungu na Waasia, na mitihani yao ilitoka kwenye vyama vya Uingereza. Mwafrika aliyeitaka aliisoma kwa posta: kitini kilikuja kwa meli, jibu likarudi kwa meli, na masahihisho yakafika wakati mwanafunzi ameshasahau swali. Mwaka 1966 Chuo cha Strathmore kilianza kufundisha uhasibu kwa vijana waliolipiwa na kampuni kama Shell na Kenya Breweries. Tarehe 24 Julai 1969 serikali ikaunda KASNEB, bodi ya taifa ya mitihani ya wahasibu na makatibu wa kampuni. Sheria ya Wahasibu ikafuata 1977, na mwaka uliofuata ikazaliwa ICPAK, chama cha wahasibu wenye vyeti vya CPA.

Mitihani hiyo ilikuwa na sifa moja iliyowafaa watu wa mbali, hata kama haikukusudiwa wao. Haikumlazimisha mtu kuacha kazi akakae bwenini. CPA ilipangwa kwa ngazi tatu, kila ngazi sehemu mbili, kila sehemu masomo matatu, jumla 18. Mtu aliweza kujisomea mwenyewe, akalipia sehemu moja, akapumzika mwaka mmoja kwa sababu mtoto amezaliwa au ukame umemaliza ng'ombe wa baba, kisha akarudi na sehemu inayofuata. Alama ya kufaulu ilikuwa 50 kwa 100, na waliofeli walikuwa wengi. Ila kufeli hakukumfukuza mtu.

Mzigo ulikuwa kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Kujisajili kulidai kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na kwa Msomali wa Kenya karatasi hizo hazikuwa jambo dogo. Mwaka 1989 serikali iliwachuja Wasomali peke yao na kuwapa kadi ya ziada ya kuthibitisha uraia. Baada ya kambi za wakimbizi za Dadaab kufunguliwa 1991, Wakenya wengi wa Garissa walijiandikisha kama wakimbizi wakati wa njaa ili wapate mgao wa chakula. Miaka ikapita, alama zao za vidole zikawakatalia kitambulisho cha nchi yao. Kamati za kuwahoji vijana wa mipakani ziliendelea hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza mjini Wajir kwamba utaratibu huo umefutwa. Ni vizazi viwili vya vijana waliomaliza shule wakiwa na alama za kutosha, wakakaa miezi, wengine miaka, wakingoja karatasi ya kuthibitisha kwamba wao ni wao.

Halafu barabara. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Kutoka Mandera ni takriban kilomita 1,000, nyingi zikiwa za mchanga na vituo vya ukaguzi. Aliyetaka darasa zuri la uhasibu alihamia Nairobi, mara nyingi kwa jamaa wa mtaa wa Eastleigh: alilala sebuleni kwa mjomba, mchana akisimama dukani kulipa fadhila, jioni akienda darasani mjini. Wachache walifika mbali sana kwa njia hiyo ya kutoka. Adan Mohammed, mzaliwa wa El Wak katika Mandera, aliongoza benki ya Barclays nchini Kenya kabla ya kuteuliwa waziri mwaka 2013. Watu kama yeye walitajwa nyumbani kwa fahari, na mafanikio yao yalionyesha pia kwamba njia ya kupanda ilianza kwa kuondoka.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2008. Gulf African Bank na First Community Bank zilifunguliwa nchini mwaka huo kwa misingi ya sharia, na ghafla palihitajika watu wanaojua leja na wanaojua pia kwa nini murabaha, yaani kuuza kwa faida inayotajwa wazi, si mkopo wa riba. Kwa familia nyingi za Garissa hilo lilitatua shaka ya zamani. Kumpeleka kijana asomee fedha kulionekana kama kumwandaa kwa benki ya riba. Sasa mama aliweza kulieleza jambo hilo mbele ya shehe bila kuinamisha macho. Mwaka 2014 bima ya mifugo ya takaful, mfumo wa Kiislamu wa kuchangiana hasara, iliwalipa wafugaji wa Wajir fidia ya ukame, kwa kupima ukavu wa malisho kutoka setilaiti. Hata ngamia akaingia katika vitabu vya bima.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na Katiba ya 2010. Machi 2013 Garissa, Wajir na Mandera zilipata magavana, na kila kaunti hazina yake. Mandera ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizogawiwa fedha nyingi zaidi mwaka wa kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ilidai bajeti, ripoti za kila robo mwaka, wakaguzi wa ndani, na taarifa za fedha ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka kufungwa Juni 30. Miji ambayo kwa miaka 50 iliendeshwa na mkuu wa mkoa aliyetumwa kutoka Nairobi sasa ilitakiwa kujibu maswali ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa maandishi, shilingi kwa shilingi. Wahasibu wenye vyeti waliohitajika hawakuwepo wa kutosha. Waliokuwepo ni makarani, walimu wa msingi, wafanyakazi wa mashirika ya misaada ya Dadaab, wengi wao wakiwa na ndoa na watoto. Hao ndio waliofungua vitabu vya CPA.

Kwa hiyo hapa mtihani huu umekuwa mambo ya watu wazima. Mfano wa kawaida ni mama wa miaka thelathini na kitu, karani katika ofisi ya umma, anayeishi katika mojawapo ya bulla, yaani mitaa, za mji. Alasiri anapitia Soko Mugdi, Magharibi inampata jikoni, baada ya Isha watoto wanalala, ndipo meza inaondolewa sahani na kuwekwa kikokotoo na karatasi za mitihani iliyopita. Ada ameilipa kwa zamu yake ya ayuuto, mchango wa mzunguko wa wanawake ambao mahali pengine huitwa upatu, na ameituma kwa M-Pesa. Wiki ya mtihani dada yake huhamia kwake kuwatunza watoto. Jina litakaloandikwa kwenye cheti ni moja, lakini ukilipanga deni lote la cheti hicho utajaza ukurasa.

Wapo pia vijana wanaosoma digrii na CPA kwa pamoja. Chuo cha ualimu cha Garissa kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Moi mwaka 2011, na kwa mara ya kwanza mkoa mzima ukawa na chuo kikuu cha umma. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliingia humo na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya Kenya kuja kusoma Garissa. Walionusurika walihamishiwa Eldoret. Siku chache baada ya shambulio serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, na familia zilizotegemea hawala ya ndugu aliye Minneapolis au Dubai kwa karo zikakatiwa njia hiyo hadi kampuni zilipofunguliwa Juni. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 kikiwa na wanafunzi wachache, wengi wenyeji, na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kwamba kilirudi ni jambo linalostahili kutajwa kila mara, kwa sababu kulikuwa na watu waliodhani hakitarudi.

Ndani ya mtihani wenyewe kuna sehemu ambayo mtoto wa mfugaji ana haki ya kuifurahia. Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu 1999, na kiwango cha IAS 41 kuhusu kilimo kikaanza kutumika 2003. Kinasema mnyama aliye hai apimwe kwa thamani yake ya haki sokoni, ukitoa gharama za kumuuza, na ndama akizaliwa, faida yake iingizwe katika kipindi hichohicho bila kungoja auzwe. Mwanafunzi wa mjini hukariri kanuni hiyo kwa shida. Aliyekulia Balambala au Habaswein ameijua tangu utotoni, maana nyumbani hakuna aliyewahi kumpima ngamia kwa bei aliyonunuliwa miaka sita iliyopita. Anamjua kwa bei ya Jumatano. Kinachomsumbua ni kuiandika kwa Kiingereza cha mtihani, ndani ya saa tatu, ilhali lugha zake za hesabu ni Kisomali na Kiswahili.

Kalenda nayo ina yake. Kwa miaka mingi mitihani ilifanywa Mei na Novemba. Ramadhani ya 2018 ilianza katikati ya Mei, na ya 2019 ikachukua karibu Mei yote, kwa hiyo watahiniwa wa Garissa walikokotoa kodi na gharama wakiwa na kiu katika joto ambalo halina huruma. Mtaala ulibadilishwa 2021, ngazi zikaitwa za msingi, za kati na za juu, na vikao vikawa vitatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni nafasi ya ziada. Kwa karani wa hazina ya kaunti, kikao cha Agosti kinaangukia katikati ya msimu wa kufunga vitabu, anapokesha ofisini kabla ya Septemba 30. Aprili ina masika: mwaka 2024 Mto Tana ulifunika barabara upande wa Madogo, ng'ambo ya Garissa, mwezi huo, kama ulivyofanya Novemba 2023, na wasafiri wakavushwa kwa mashua. Desemba watoto wako nyumbani wote.

Mwaka 2022 Ramadhani ilianza siku za mwanzo za Aprili, na mwaka 2023 ikamalizika Aprili; tangu hapo imekuwa ikirudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, itafika Desemba mwanzoni mwa miaka ya 2030, na ile ya 2032 inatarajiwa kuanza wiki ya kwanza ya mwezi huo. Mama anayeanza ngazi ya msingi leo, akienda hatua kwa hatua kama walivyokwenda waliomtangulia, huenda akaandika masomo ya mwisho akiwa amefunga. Mzunguko wa ayuuto nao unaweza kupangwa kwa kuangalia tarehe hizo.