Sentensi tano za Rosenberg

Mwaka 1965 Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu vijana wa sekondari za jimbo la New York na namna wanavyojithamini. Alikuwa amehoji zaidi ya 5,000. Kipimo chake kilikuwa na sentensi 10 tu, kila moja na majibu manne, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa.

Tano zinajisifu, tano zinajikandia, na alama za hizo za pili hugeuzwa. Sababu ilijulikana: Lee Cronbach alishaonya mwaka 1946 kwamba wapo watu wanaoitikia lolote wanaloulizwa. Ukichanganya sentensi, uitikiaji wao unajifuta wenyewe.

Kwenye karatasi inapendeza. Mimi nimezunguka vijijini na madodoso, najua inavyokuwa ukiisoma kwa sauti.

“Bibi, unakubali kwamba huna la kujivunia?”

“Ndiyo.”

“Ndiyo unalo, au ndiyo huna?”

Akaacha kupepeta mchele. “Wajukuu wote hawa huwaoni?”

Sasa hapo unatia tiki wapi? Ukikosea, mtu anayejiona wa maana anaingia kwenye takwimu kama aliyekata tamaa.

Wachambuzi nao waliona jambo lisilo la kawaida: majibu ya sentensi za kujisifu yalishikamana peke yake, ya kujikandia peke yake. Wapo waliosema basi kujithamini na kujidharau ni vitu viwili. Carmines na Zeller, mwaka 1979, walibisha: ni maneno tu yanayotenganisha. Herbert Marsh naye, mwaka 1996, alionyesha kwamba mtengano huo unategemea pia uwezo wa kusoma. Mimi niko upande wao, na bibi yule ndiye shahidi wangu.

Kisha mwaka 2005 Schmitt na Allik wakaleta majibu ya karibu watu 17,000 wa mataifa 53, Tanzania na Kongo zikiwemo. Sentensi za kujikandia hazikueleweka sawa kila mahali. Ile ya kutamani kujiheshimu zaidi ndiyo sumbufu kuliko zote. Hata mwenye kujiheshimu sana, akiwa mnyenyekevu, ataikubali, na atakatwa alama.

Richard Robins na wenzake walishatoa, mwaka 2001, kipimo cha sentensi moja isiyo na ukanushi wowote. Bibi angeijibu bila taabu. Ila na yule anayeitikia kila kitu naye angeijibu vilevile, na hakuna sentensi ya pili ya kumbana.