Gari la Baba na Makovu Yake

Mwaka 1974 bwana mmoja wa New Jersey, Robert Kiernan, aliona tangazo katika jarida la magari, akenda akanunua Ford Mustang ya kijani kwa dola 6,000. Lilikuwa gari la mwaka 1968, la jamii ile ya magari ya Kimarekani yaliyotiwa injini kubwa ndani ya bodi ya wastani, ili hata kijana wa kipato cha kati apate kwenda mbio. Ndilo aliloliendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt, akikimbizana na wauaji juu ya vilima vya San Francisco.

Nyumbani kwa Kiernan halikutukuzwa. Mkewe alikuwa mwalimu, akenda nalo skuli. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba arudishiwe gari kwa malipo, hakulipata. Mwaka 1980 klachi ikafa, na mwaka huo huo McQueen naye akafariki. Gari likaegeshwa. Kila familia ilipohama, lilihama nayo, na siri yake pia.

Mwaka 2001 Robert na mwanawe Sean walianza kulifungua kwa nia ya kulifufua. Kazi haikufika mbali. Robert alishikwa na maradhi ya Parkinson, yanayotetemesha mikono ya mtu, na fundi asiyetii mkono wake afanye nini? Vipuri vilikaa vikingoja. Robert alifariki mwaka 2014, na mwana akabaki na gari lililofunguliwa na baba.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Wapenzi wa magari haya wengi hukwangua rangi yote, hunyoosha bati, na kulirudisha gari kama lililotoka kiwandani jana. Fedha aghalabu hufuata njia hiyo. Sean alitengeneza mitambo ili gari liende, ila bodi aliiacha na rangi yake iliyofifia, mibonyeo na kutu. Chini ya gari vilikuwapo vyuma vilivyochomelewa kushikia kamera za filamu. Fundi mwenye bidii angeliviona ni uchafu, akavikata, na pamoja navyo akaukata ushahidi. Wanukuzi wa miswada ya tenzi wanalijua jaribu hili: herufi iliyofifia huita kalamu, na kalamu ikishapita, mkono wa kwanza haurudi.

Tofauti ilionekana kwa gari la pili la filamu ile ile, lililotumika kwa kuruka. Hilo lilipatikana Meksiko mwaka 2017 likiwa gofu, na nambari ya chesisi ndiyo iliyolitambulisha.

Januari 2018 Sean alilitoa gari la baba yake hadharani katika maonyesho ya Detroit. Watu waliokuwa wakilidhania limekwishapotea walilikuta limesimama na kutu yake. Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, lilipigwa mnada. Nyundo iligonga kwenye dola milioni 3.4, na pamoja na ada ikawa milioni 3.74, bei ambayo hakuna Mustang iliyokuwa imeifikia mnadani kabla ya siku hiyo. Mnunuzi alilichukua lilivyo: vyuma vya kamera chini, mibonyeo ubavuni, na ndani yake injini ambayo baba aliianza na mwana akaimaliza.