Hobi Yako Si Lazima Ilipe: Historia ya Treni za Kuchezea na Simu Iliyo Mkononi Mwako

Ukimwambia mtu hapa Nairobi kwamba una hobi, swali la kwanza ni moja tu: inalipa? Ukipiga gitaa, unaulizwa kama unapata shoo. Ukioka keki, unaambiwa uanze kuuza. Na kwa wasee wanaoandika programu presha ni mara mbili, kwa sababu wameambiwa kwamba kila saa wanayopumzika, kuna mwenzao mahali anaichukua nafasi yao. Ila ukifuatilia historia ya hiyo kazi yenyewe, utakuta mambo hayakuwa hivyo.

Tuanze na treni. Sio SGR. Treni za kuchezea.

Mwaka wa 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, kule Marekani, walianzisha klabu ya kujenga reli ndogo za mfano, Tech Model Railroad Club. Katika chumba chao kulikuwa na meza kubwa iliyojaa reli, vilima na vijumba. Wanachama walikuwa wa aina mbili. Kuna waliopenda kupaka mabehewa rangi mpaka yafanane na ya kweli. Na kuna waliojificha chini ya meza wakichezea nyaya. Hao wa chini ya meza ndio nataka uwakumbuke. Walichukua vifaa vya simu, zile swichi zinazojifunga na kujifungua kwa umeme, wakavitumia kuamua treni ipi ipite njia ipi, na nani aiendeshe.

Fikiria hiyo kazi kidogo. Treni mbili zisigongane. Swichi hii ikifunguka, ile ijifunge. Ikiwa hivi, fanya vile. Manze, hiyo ni programu! Imeandikwa kwa nyaya badala ya maneno, lakini ni programu. Hata neno "haka", ambalo leo tunawapa wezi wa akaunti, lilitumiwa kwenye klabu hiyo kumwita mtu anayefanya ufundi wa kiwerevu kwa raha yake tu.

Mwaka wa 1959 mhadhiri John McCarthy alipoanzisha kozi ya programu ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuisoma, vijana wa klabu kama Alan Kotok na Peter Samson walikuwa ndani. Walichofunzwa darasani kilipata mahali pa kukaa, maana vidole vyao vilishazoea.

Halafu mwaka wa 1961 kampuni ya DEC iliipa MIT kompyuta iitwayo PDP-1, mashine ya dola kama 120,000. Mwaka uliofuata Steve Russell, mpenzi mkubwa wa hadithi za safari za angani, aliitumia pamoja na wenzake kutengeneza Spacewar!, gemu ya vyombo viwili vinavyopigana karibu na nyota. Samson aliona nyota za nyuma hazina maana, akaziweka zile zilizopo angani kweli. Viwiko vya wachezaji vilipoanza kuuma kwa kubonyeza swichi za mashine, Kotok na mwenzake Bob Saunders walienda kwenye chumba cha treni, wakaokota vipande, wakaunda visanduku vya kuchezea. Ukishika padi ya PlayStation leo, umeshika mjukuu wa visanduku hivyo.

Hakuna aliyewatuma, na hakukuwa na maksi. Lakini Kotok huyo huyo alienda kufanya kazi DEC, na baadaye akawa mbunifu mkuu wa kompyuta ya PDP-10.

Sasa ruka hadi mwaka wa 1969, Bell Labs, jimbo la New Jersey. Ken Thompson, mwenye miaka 26, alikuwa ameandika gemu yake iitwayo Space Travel, ya kuendesha chombo kati ya sayari. Shida ni kwamba kwenye kompyuta kubwa ya kazini, kuicheza mara moja kuligharimu kama dola 75 za muda wa mashine. Akatafuta, akapata PDP-7 ambayo watu hawakuitumia sana. Yeye na Dennis Ritchie wakaiandika gemu upya ili ikubali kwenye mashine hiyo. Kwa kuihangaikia gemu, wakaijua mashine ndani na nje. Baadaye, familia ya Thompson iliposafiri kwa wiki chache, alikaa nayo akaandika vipande vikuu vya mfumo mpya. Mfumo huo ndio Unix. Mwaka wa 1983 wawili hao walipewa tuzo ya Turing.

Inakuhusu nini wewe? Simu yako. Kama ni iPhone, mfumo wake ni wa ukoo wa Unix. Kama ni Android, chini kabisa kuna Linux, ambayo ilifuata mpangilio wa Unix. Na Linux yenyewe, Linus Torvalds alipoitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, alisema wazi kwamba ni hobi tu.

Lakini angalia kilichofuata. Linux ikawa kazi yake ya mshahara. Hobi ikalipa, si ndio? Basi akatafuta nyingine: kupiga mbizi baharini. Mwaka wa 2011 akaanzisha Subsurface, programu ya kuweka rekodi za kupiga mbizi, kwa sababu zilizokuwepo hazikumridhisha. Hata yeye alihitaji mahali ambapo hakuna anayemdai kitu.

Hapo ndipo ninapogombana na huu ushauri wa "geuza kila kitu kiwe hasla". Hobi ikishaanza kudaiwa pesa, inaanza kuogopa. Utafanya tu kile ambacho wateja wanakijua tayari. Wale wa chini ya meza wangeulizwa treni zinaleta shilingi ngapi, wangefunga nyaya zao waende nyumbani.

Nina rafiki, mhandisi wa programu, ambaye mwaka jana aliuza gitaa lake anunue skrini ya pili. Skrini ni nzuri. Lakini siku hizi ukikaa naye hadithi ni moja, tiketi za kazini na hitilafu za kazini. Zamani alikuwa na uvumilivu wa kurudia mstari mmoja wa wimbo mara 40 mpaka utoke sawa. Uvumilivu huo huo ndio unaotafuta kosa moja ndani ya maelfu ya mistari ya programu. Sidhani alijua anauza nini.

Sitakudanganya pia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na siwezi kusema hobi inachukua nafasi ya masomo. Kotok na Samson walikaa darasani. Tena walikuwa na mashine, chumba na usiku mzima wa kucheza. Wewe una kodi ya nyumba na matatu mbili kufika kazini. Na bosi akikuambia ufanye mradi wake bure wikendi "kwa mapenzi ya teknolojia", hiyo sio hobi, hiyo ni kazi bila malipo.

Ninachoomba ni kidogo: saa mbili kwa wiki. Chesi, kushona, kukarabati redio ya nyanya, kulima sukuma kwenye mkebe. Usiirekodi, usiifungulie ukurasa. Na mtu akikuuliza inalipa ngapi, mwonyeshe simu yake mwenyewe, umwambie ilianza na treni za kuchezea na gemu mbili.