Mkulima Aliyegoma Kupuliza Pareto

Februari 2014, Emmanuel Giboulot alisimama mahakamani Dijon, Ufaransa. Ni mkulima wa zabibu na mtengeneza mvinyo wa Beaune, katika eneo la Bourgogne, mwenye shamba la hekta kama 10 tu. Kosa lake? Alikataa kupuliza dawa ya wadudu. Adhabu iliyomkabili ilikuwa hadi miezi 6 jela na faini ya euro 30,000.

Yaani mtu ashtakiwe kwa kutotumia sumu! Ndivyo wengi walivyoisoma habari hiyo, na watu zaidi ya nusu milioni wakasaini ombi la kumtetea. Mimi pia nilikuwa upande wake moja kwa moja, mpaka nilipoanza kufuatilia historia ya magonjwa ya mzabibu. Hapo mambo yakawa magumu kidogo.

Baba yake ndiye aliyeliingiza shamba la familia kwenye kilimo hai, mwaka 1970. Tukisikia kilimo hai tunafikiria kurudi kwenye njia za mababu. Sasa, kwa mzabibu wa Ulaya njia hiyo haipo tena. Babu wa kabla ya mwaka 1845 hakuwa na haja ya dawa tunazozijua leo kwa sababu maadui wenyewe walikuwa bado hawajavuka bahari.

Wa kwanza kufika ni ubwiri unga, ukungu ulioonekana mwaka 1845 kwenye nyumba ya mimea huko Margate, Uingereza, kisha ukaingia Ufaransa. Wakulima wakajifunza kuunyunyizia unga wa salfa. Miaka ya 1860 akaja filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari anayeshambulia mizizi. Huyu aliua mashamba karibu nchi nzima. Dawa iliyofanya kazi kweli ilikuwa kupandikiza: kikonyo cha mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambao ulishazoeana na mdudu huyo kwa vile wote wawili asili yao ni huko. Mpaka leo mizabibu mingi ya Ulaya, ya kilimo hai ikiwemo, imesimama juu ya mizizi ya Kimarekani.

Mwaka 1878 ukagunduliwa Ufaransa ubwiri vinyoya, nao kutoka Marekani. Hadithi ya dawa yake naipenda sana. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Pierre Millardet alikuwa akipita Saint-Julien, karibu na Bordeaux, akaona kitu cha ajabu: mizabibu ya katikati ya shamba imepukutisha majani, ila ile ya kandokando ya barabara bado ina majani yake, yamepakwa kitu cha bluu. Akauliza. Kumbe ni mrututu na chokaa, wakulima wameunyunyiza ili wezi wa zabibu wadhani ni sumu! Millardet akaufanyia majaribio akisaidiwa na mkemia Ulysse Gayon, na mwaka 1885 akautangaza kwa wakulima. Siri iko kwenye shaba iliyomo ndani ya mrututu. Vijimbegu vya ukungu huogelea kwenye tone la maji juu ya jani, na shaba kidogo tu ndani ya tone hilo huviua. Lakini haitibu jani lililokwisha kuugua, na mvua ikiiosha unarudia upya. Wakulima wetu wa kahawa wanaijua vizuri kazi hiyo.

Shaba inaruhusiwa kwenye kilimo hai kwa kuwa ni madini ya asili. Tatizo ni kwamba haiozi wala haivunjiki. Inabaki kwenye udongo wa juu, mwaka baada ya mwaka, na nyungunyungu wanaumia. Tangu 2019 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Hata ndani ya pipa ni hivyohivyo: salfaiti zinazozuia mvinyo kuharibika hazikupigwa marufuku, zilipunguzwa. Kanuni ya 2012 iliruhusu miligramu 100 kwa lita kwenye mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai, badala ya 150.

Turudi mahakamani. Adui wa safari hii alikuwa ugonjwa unaoyafanya majani yawe na rangi ya dhahabu, uliojulikana Ufaransa miaka ya 1950. Unaenezwa na kidudu kama panzi mdogo, na bila shaka umeshabahatisha kidudu hicho kilitoka wapi. Hauna tiba, mzabibu ukiugua unang'olewa. Mwaka 2013 prefe (sawa na mkuu wa mkoa kwetu) aliamuru mashamba yote ya zabibu ya Côte-d'Or yapulizwe dawa. Wa kilimo hai waliruhusiwa kutumia dawa ya asili, inayotokana na maua ya pareto. Ndiyo, pareto hii hii inayolimwa Mufindi na Molo.

Giboulot akagoma. Alisema shambani kwake hakuna ugonjwa, na pareto, hata kama ni ua, haichagui: inaua nyuki na wadudu rafiki anaowategemea. Kwa hili la pili sayansi iko naye kabisa. Lakini kidudu kinaruka, hakijui mpaka wa shamba, na jirani yake naye ana familia inayokula kwa mizabibu hiyohiyo. Nikiwa mimi jirani huyo, sidhani kama ningesaini lile ombi.

Aprili 2014 alitozwa faini ya euro 1,000, nusu yake ikiwa imesimamishwa. Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikamwachia huru, kwa hoja kwamba amri ya prefe haikuwa halali. Kuhusu nyuki, jirani na pareto, haikuamua kitu.